Nyota Chini ya Alhamisi

Kaa hapa upande wangu wa kushoto, ili kichwa changu kisikuzibie skrini. Sina haraka, na wewe usiwe nayo. Watu huja kwangu wakitaka kalenda ya kwenye kompyuta yao iseme Kiswahili, nami huwaonyesha. Ni kazi ya dakika kumi, na hakuna aliyewahi kushindwa. Wewe pia hutashindwa. Ila kabla ya kugusa kibodi huwa nasimulia kwanza, kwa sababu dakika kumi hizo ziliwahi kunichosha kwa miezi mitatu, na nikikumbuka nachoka tena.

Nilikuwa katibu muhtasi katika kituo kimoja kidogo cha utafiti wa kilimo hapa Morogoro. Dirisha langu lilitazama mlima, au tuseme lilitazama mawingu yaliyoficha mlima, kwa kuwa masika Uluguru huuoni mpaka alasiri. Ilikuwa miaka ya soko huria. Madukani sabuni zilikuwa zimerudi, tena za rangi tano, na mitumba ilitandazwa kando ya barabara na watu ambao mwaka uliopita walikuwa wakiingia kiwandani kwa zamu. Neno lililotukosesha raha ofisini lilikuwa kupunguzwa. Hatukusema fulani kafukuzwa. Tulisema kapunguzwa, kama mtu anayezungumzia maji kwenye sufuria.

Kompyuta yenyewe ilikuja na mradi wa wageni. Mtafiti aliyeijua alinifundisha wiki mbili, akafunga mizigo yake, akaondoka. Aliniachia programu ya kuandikia, nyeusi, haina picha wala madoido. Unaandika, inahifadhi ulichoandika, basi. Lakini ukibonyeza vitufe viwili vitatu, chini ya maandishi yako hufunguka kalenda ya miezi mitatu: uliopita, huu, na ujao. Siku ya leo huwekewa nyota. Na kando ya kalenda kuna shajara, ambayo ni faili la kawaida tu: tarehe mwanzoni mwa mstari, kisha jambo lenyewe. Ukitaka kuandika jambo la siku fulani, unapeleka alama inayopepesa mpaka kwenye siku hiyo, unabonyeza, programu inajiandikia tarehe, na wewe unamalizia maneno. Asubuhi ukiwasha, inakuonyesha mambo ya siku hiyo.

Niliipenda. Nisikufiche. Nilikuwa mtu wa kusahau, na hiki kilikuwa kitu cha kwanza ofisini ambacho hakikusahau.

Mambo mengi niliyoandika humo yalikuwa mvua. Kituo kilikuwa na shamba dogo juu Mgeta, na huko aliishi mpima mvua wetu. Kazi yake ilikuwa moja: kila siku, saa tatu asubuhi, kwenda kwenye kopo la kupimia, kusoma kimo cha maji, na kukiandika kwenye daftari. Alikuwa ameifanya kwa miaka mingi kuliko niliyokuwa nayo kazini. Kila Jumamosi alfajiri, lori la kabichi na karoti lilishuka kwa njia ya Mzumbe na karatasi yake ya wiki ikiwa mfukoni mwa dereva. Nami nilinakili vipimo kwenye shajara. Mchana lori lilipanda tena na barua zangu kwake.

Pamoja na barua nilikuwa namtumia ratiba ya wiki, iliyochapishwa kutoka kwenye kalenda hiyohiyo. Siku moja alishuka mwenyewe, akaniwekea ile ratiba mezani, akaigonga kwa kidole.

"Binti, hii umeniandikia mimi?"

"Shikamoo, mzee. Ndiyo, ni yako."

"Marahaba. Basi kama ni yangu, siku ziite kama watu wanavyoziita. Hizi zenu za Kizungu ninazihesabu kwa vidole, nikifika katikati mke wangu ananiuliza jambo, naanza upya."

Nilicheka, nikamwahidi. Kwa hiyo usidhani nilianza kuchezea kalenda kwa kukosa kazi. Niliombwa, na aliyeniomba alikuwa na haki.

Sasa tazama hapa. Katika faili la mipangilio kuna mstari wenye majina saba ya siku, yamepangwa kwa kufuatana. Unayafuta ya Kiingereza, unaweka yako. Nililifanya hilo Ijumaa moja, kabla ya chakula cha mchana. Tatizo la kwanza lilikuwa dogo na la kuchekesha: juu ya kila safu kalenda huonyesha herufi mbili tu za mwanzo wa jina, kwa hiyo siku zangu zilitokea Ju, Ju, Ju, Ju, Ju, Al, Ij. Nikakaa nikatengeneza vifupisho. Mo kwa Jumamosi, Pi kwa Jumapili, Tt, Nn, Tn, kisha Al na Ij. Nilijiona fundi. Nilimwita jirani yangu, mpiga chapa wa ofisi ya pili, mwenyeji wa Gairo, aje aone.

"Mo, Pi, Tt," alisoma. "Shoga, umetaga mayai au umeandika siku?"

"Soma tu. Wiki inaanza Jumamosi, inaisha Ijumaa."

"Kama inavyotakiwa," alisema, akarudi kwenye taipureta yake.

Kama inavyotakiwa. Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na sisi wawili tulilitazama usoni tukalisifu. Mimi niliweka Jumamosi ya kwanza kwa sababu ndiyo mosi. Tangu utotoni siku zinahesabiwa hivyo, mosi, pili, tatu, na hakuna mtoto wa Kiswahili anayehitaji kuelezwa. Lakini walioitengeneza programu ile wiki yao inaanza Jumapili. Nafasi ya kwanza kwenye orodha ni ya Jumapili, uipe jina lolote utakalo. Programu haikuuliza. Uliiambia Jumamosi, ikaandika Jumamosi juu ya safu ya Jumapili, na siku zote saba zikasogea hatua moja. Iliyokuwa Jumatano kweli ikaitwa Jumanne. Iliyokuwa Ijumaa ikaitwa Alhamisi.

Na nyota ilikuwepo. Hilo ndilo linaloniuma. Nilipokuwa nikijipongeza, adhana ya Ijumaa ilikuwa ikisikika kutoka msikiti wa barabarani, na wenzetu Waislamu walikuwa wakipita dirishani kwangu na kanzu zao wakienda kuswali, na kwenye skrini nyota ya leo ilikuwa imetulia kwenye tarehe tisa, chini ya Al. Sikuiangalia. Nilikuwa natazama majina.

Saa nane mchana simu ililia. Kamati ya kupunguza wafanyakazi ingekuja kutoka Dar es Salaam. "Jumanne ijayo, saa nne asubuhi," ilisema sauti, na ikataja mtu mmoja tu wa idara yetu: mpima mvua. Alikuwa kwenye orodha. Angesikilizwa aeleze kwa nini nafasi yake ibaki. "Asiyefika atahesabiwa amekubali kuondoka." Niliandika maneno hayo kwenye karatasi, kisha nikapeleka alama yangu inayopepesa mpaka chini ya Nn, nikabonyeza. Programu ikaandika tarehe 14. Nikamalizia: mpima mvua mbele ya kamati, saa nne.

Kisha nikaandika barua yake, nikanakili tarehe kutoka kwenye skrini. Ufike Jumanne tarehe 14, saa nne asubuhi, na vielelezo vyako vyote. Mkuu wa idara alitia sahihi bila kusoma, maana alikuwa na shughuli zake, na Jumamosi lori likaondoka nayo.

Jumatatu umeme haukuwepo kutwa. Ilikuwa miaka ya mgao, hatukushangaa. Kompyuta ilikaa kimya chini ya kitambaa chake, nasi tukapanga mafaili kwa mkono.

Jumanne umeme ulirudi asubuhi, nikawasha mashine. Shajara ilisema hakuna jambo la leo. Nilifurahi, sikujiuliza leo ni siku gani, nikaanza kuchapa ripoti ndefu iliyokuwa imenilalia. Saa tano na robo jirani yangu aliingia.

"Shoga, mtu wenu wa mvua yuko wapi? Wameshamwita mara mbili."

"Wamemwita nani?"

"Kamati. Wako ukumbini tangu saa nne."

"Kamati ni Jumanne."

Alinitazama kama unavyomtazama mtu mwenye homa. "Na leo unaiitaje?"

Niligeukia skrini. Nyota ilikuwa juu ya 13, chini ya Tt. Niligeukia ukutani, ambako tulitundika kalenda ya duka moja la dawa za mifugo, yenye picha ya ng'ombe. Ng'ombe alisema tarehe 13 ni Jumanne. Nilitazama huku na huku kama mara nne, nikitumaini ng'ombe ndiye aliyekosea.

Mgeta hakukuwa na simu. Gari lingeondoka saa ile lingefika jioni, kama barabara ingelikubali, na masika barabara ile haikumkubali kila mtu. Nilikaa. Jirani yangu alifunga mlango, akaegemea hapo.

"Sikiliza. Sema lori lilichelewa, barua haikumfikia. Njia ya Mgeta masika nani ataomba ushahidi?"

"Na dereva?"

"Lori halipunguzwi, shoga. Wewe ndiye unayepunguzwa. Ukiwaambia mwenye kompyuta hajui leo ni siku gani, watamhitaji wa nini?"

Hakuwa mbaya. Alinipenda, na alikuwa anasema kweli. Sisi wapiga chapa tulikuwa kwenye midomo ya kamati kama watu wengine. Alipotoka niliigawa skrini sehemu mbili, maana programu ile inaruhusu, na juu nikaandika maelezo ya lori. Yalikuja kwa urahisi, yakawa mazuri, yana hata matope. Kisha nikafikiria kitakachotokea kesho. Yule mtu atashuka, maana nimemwita tarehe 14. Atasimama pale ukumbini na barua yangu mkononi, na barua imechapwa tarehe 14. Wataniuliza mimi, au watamwona yeye mwongo. Mtu aliyeandika kweli kila siku ya maisha yake, aonekane mwongo kwa sababu ya karatasi yangu. Sitasema nilikuwa jasiri. Niliona tu kwamba uongo wangu hautoshi kufunika, kama shuka fupi.

Nikafuta sehemu ya juu. Chini nikaandika mistari mitano: kwamba nilipanga majina ya siku vibaya kwenye kalenda, kwamba tarehe kwenye barua ni kosa langu, kwamba mhusika hana hatia na atafika kesho, naomba asikilizwe. Mkuu wa idara aliisoma akiwa amesimama.

"Ina sahihi yangu ile barua?"

"Ndiyo, mkuu."

"Basi hii tia yako peke yako," alisema, bila ukali, akanirudishia.

Jioni kamati ilipokuwa ikifunga mafaili, niliingia ukumbini. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima mwenye macho mekundu ya mtu ambaye amesikiliza watu wakiomba kutwa nzima. Alisoma.

"Kompyuta ilikosea?"

"Hapana, mheshimiwa. Mimi ndiye niliyeipangia siku."

Aliikunja karatasi yangu. "Ni mara ya kwanza leo mtu kuniambia ni yeye. Tunaondoka kesho saa nne. Akinikuta sijaingia garini, nitamsikiliza. Nikishaingia, basi."

Saa nne. Saa ileile niliyomwandikia yeye afike.

Jumatano nilisimama barazani tangu saa mbili. Mvua ilikuwa ndogo, isiyokoma. Saa nne kasoro robo dereva wa kamati aliwasha gari. Saa nne kasoro dakika tano nilimwona mpima mvua akiingia getini, koti la mvua limefungwa kwenye gunia badala ya mwilini, yeye mwenyewe akichuruzika maji. Nilimkimbilia.

"Shikamoo, mzee. Kamati ilikuwa jana."

"Jana?"

"Nilikosea mimi. Kalenda yangu."

Alisimama. "Mashine yako ina siku ngapi kwa wiki?"

"Saba."

"Basi imenipunguzia moja." Aliliweka gunia sawa begani. "Nililiona, binti. Barua inasema Jumanne kumi na nne, daftari langu linasema Jumatano. Nikamwambia mke wangu, huyu mtoto kakosea jina la siku, ndiyo kwanza anajifunza. Tarehe hawezi kukosea. Nikaifuata tarehe."

Mpaka leo sijui nifanye nini na maneno hayo. Aliligundua kosa, akanitetea.

Mwenyekiti alikuwa na mkono kwenye mlango wa gari. Aliniona, akamwona, akaangalia saa yake, akarudi barazani. Hakuketi. Mpima mvua alifungua gunia, akatoa koti, na ndani ya koti madaftari, makavu kabisa. Mwenyekiti alifunua moja, akafunua jingine.

"Hukukosa hata siku moja?"

"Nimekosa mbili. Ziko humo."

Alimwonyesha. Mahali pa namba palikuwa na maneno: Sikupima. Msiba wa mama. Na kesho yake: Sikupima.

"Ungeandika sifuri tu, nani angejua?"

"Sifuri ni kipimo, mheshimiwa. Maana yake nilikwenda nikakuta pakavu. Siku hizo sikwenda."

"Na leo nani amepima?"

"Mke wangu. Nimemwonyesha mara tatu. Ila leo nitaandika jina lake, siyo langu."

Mwenyekiti alifunga daftari, akalirudisha kwa mikono miwili. Akasema wataandika. Gari likaondoka, nasi tukabaki barazani. Nikamletea chai, akanywa, akauliza kama kuna gari la kupanda Mgeta siku hiyo.

Nilikwambia miezi mitatu. Jioni ile nilifungua shajara, nikaandika kwenye siku ya kesho: jibu la mpima mvua. Kesho jibu halikuja, nikausogeza mstari ule siku moja mbele. Nikausogeza tena. Kila asubuhi nilifanya hivyo, masika yakaisha, mlima ukajitokeza dirishani, kijani kikaanza kufifia, na mimi nasogeza mstari mmoja mbele. Sijawahi kufanya kazi nyepesi namna ile ikanichosha namna ile. Jirani yangu alipunguzwa kwenye awamu ya pili. Aliacha taipureta yake imefunikwa vizuri, akarudi Gairo kwao.

Barua ilikuja mwanzoni mwa kiangazi. Mpima mvua alibaki kazini mpaka umri wa kustaafu. Katika bahasha hiyohiyo kulikuwa na onyo langu la maandishi, nakala kwenye faili. Nilichukua la kwangu nikaliweka kwenye droo, barua yake nikampa dereva wa lori mkononi, nikamwambia asiitie mfukoni na karoti. Jumamosi iliyofuata karatasi ya mvua ilishuka kama kawaida. Siku saba, sifuri saba, na pembeni, kwa mwandiko wake wa kubonyea, alikuwa ameandika majina ya siku kwa Kiswahili, Jumapili ikiwa ya kwanza. Chini yake: ipe mashine isome.

Basi, sogea karibu. Mstari wa majina ndio huu. Anza na Jumapili, kisha Jumatatu, mpaka Jumamosi iwe ya mwisho, hata kama moyo wako unakataa. Na moyo utakataa. Ukitaka wiki ianze Jumamosi kama tunavyohesabu sisi, usiguse majina. Mstari wa siku ya kuanzia uko hapa chini, andika 6. Ukitaka ianze Jumatatu, andika 1. Hifadhi, funga programu, ifungue upya. Umeona? Nilikwambia hutashindwa.

Sasa usiandike jambo lolote kwanza. Tafuta nyota, soma kwa sauti jina la siku lililo juu yake, kisha geuka umuulize mtu aliye karibu nawe leo ni siku gani.